Kutoka Karakana ya Reli hadi Muhuri wa Barua: Historia Fupi ya Uanagenzi Nsambya

Nilizaliwa Nsambya, katika kota za reli, na Kiswahili nilikisikia nyumbani kabla sijakisoma darasani. Wenzangu huniuliza mara kwa mara nilikipatia wapi, kwa kuwa hapa Kampala watu wengi huzungumza Luganda na Kiingereza, na Kiswahili wao hukihusisha na askari tu. Huwajibu kwa ufupi: babu yangu alikuwa fundi wa reli. Kwa mtu anayeijua Nsambya jibu hilo linatosha. Kilima chetu kina kambi ya polisi upande mmoja, na upande mwingine zilikuwepo nyumba za wafanyakazi wa reli. Katika sehemu zote mbili walikaa watu wa makabila mengi waliohitaji kuelewana, na lugha ya kuelewana ilikuwa Kiswahili.

Katika insha hii nataka kueleza historia ya jambo moja, nalo ni jinsi kijana aliyesoma sayansi au ufundi alivyopata nafasi ya kujifunza kazi kwa mikono yake, hapa Nsambya na Kampala kwa jumla, tangu enzi ya ukoloni hadi leo. Sababu yangu si ya darasani peke yake. Mwaka jana mdogo wangu, ambaye anasomea uhandisi wa mitambo, alitafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa muda mrefu bila kuipata, nami nilimpa ushauri ambao mpaka leo sijivunii. Nilipokuwa najiuliza kwa nini babu aliipata nafasi kwa urahisi na mjukuu wake aikose, niligundua kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa bila kurudi nyuma miaka mingi.

Kabla ya kuendelea, ni vizuri nieleze maneno. Wanafunzi wa Tanzania husema wanakwenda "fildi". Wa Kenya husema "atachimenti". Siku hizi Tanzania hutumia pia neno "tarajali" kwa mafunzo ya kazi anayopewa mtu aliyekwisha kuhitimu. Lakini lipo neno la zamani zaidi, "uanagenzi", na mwenye nao huitwa "mwanagenzi". Katika insha hii mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi chini ya fundi huku akiwa ameajiriwa na kulipwa. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ni yule aliyetumwa na chuo chake kwa majuma machache, na kazi anayoifanya ni sehemu ya masomo yake. Hawa wawili wanaweza kusimama mbele ya mashine moja, wakavaa ovaroli moja, lakini historia zao ni tofauti. Tukumbuke pia kwamba katika lugha yetu "fundi", "kufunza" na "mwanafunzi" ni maneno ya shina moja. Wazee walioiunda lugha hii hawakumtenga mwenye kufundisha na mwenye kutengeneza.

Historia ya Nsambya tunayofundishwa shuleni huanza na wamisionari. Mapadre wa Mill Hill, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, walifika Buganda mwaka 1895, na Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Mwaka 1903 walifuata masista Wafransisko, miongoni mwao Teresa Kearney kutoka Ireland, ambaye watu walikuja kumwita Mama Kevina. Masista hao walianza kutibu wagonjwa chini ya mti, na hapo ndipo ilipozaliwa Hospitali ya Nsambya. Kwa mada yangu, jambo muhimu ni lililofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mama Kevina akishirikiana na daktari Evelyn Connolly alianzisha mafunzo ya ukunga palepale hospitalini. Msichana aliyeingia katika mafunzo hayo hakusoma kwanza kisha akatafuta mahali pa kujaribia elimu yake. Alijifunza wodini, usiku na mchana, kwa sababu wagonjwa walikuwepo na mikono ilikuwa haitoshi.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa mji, Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, na walichofundishwa ni useremala, ujenzi na umakanika. Wengi wetu tunaosoma pale leo hatukumbuki kwamba chuo kikuu chetu kilianza na randa na msumeno. Lakini hali hiyo haikudumu. Kadiri miaka ilivyokwenda Makerere ilielekea kwenye masomo ya kuandaa waganga, walimu na watumishi wa serikali, na mwaka 1949 ikawa chuo kishiriki kilichoandaa shahada za Chuo Kikuu cha London. Ufundi ulihamishiwa pembeni. Kozi za ufundi zilizoanza pale mwaka 1928 zilikua, zikatengwa, na mwaka 1958 taasisi yake ikahamia kilima cha Kyambogo. Ama uhandisi wa ngazi ya shahada, huo ulikuwa Nairobi, katika Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956. Kijana wa Uganda aliyetaka kuwa mhandisi alilazimika kupanda gari moshi kwenda huko.

Gari moshi lenyewe ndilo lililoijenga Nsambya ya babu yangu. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu sasa. Kwa miaka mingi abiria na mizigo ya Kampala ilivuka ziwa kwa meli hadi Port Bell. Mwaka 1931, baada ya daraja la Jinja kukamilika, treni ziliweza kutoka Mombasa mpaka Kampala bila kuvuka ziwa. Kituo kilipojengwa, ilibidi pawe na nyumba za makuli, mafundi, makarani na madereva, na nyumba za Waafrika zilijengwa Nsambya, karibu na stesheni. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kuanzia hapo mtu wa Nsambya aliweza kuhamishiwa Tabora, na mtu wa Tabora akahamishiwa Nsambya.

Tunaifahamu vizuri Nsambya ya wakati huo kwa sababu mwanaanthropolojia Mwingereza, Ralph Grillo, aliifanyia utafiti katika miaka ya 1964 na 1965, na mwaka 1973 akachapisha kitabu kuhusu wafanyakazi Waafrika wa reli. Anaonyesha watu waliotoka mbali, wengi wao kutoka magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, ambao daraja la kazi lilikuwa na uzito mkubwa katika maisha yao. Nyumba uliyopewa ilitegemea daraja lako. Mshahara, bila shaka, ulitegemea daraja. Hata rafiki wa kukaa naye jioni aliweza kutegemea daraja. Juu ya hayo kulikuwa na ngazi ya rangi iliyorithiwa kutoka ukoloni, yaani Wazungu wakisimamia, Waasia wakishika ufundi na ukarani, na Waafrika wengi wakibaki vibarua. Ngazi hiyo ilianza kulegea katika miaka ya 1950, uhuru ulipokaribia na shirika likahitaji Waafrika wenye ujuzi. Mlango ulioachwa wazi ulikuwa uanagenzi.

Babu yangu alipita katika mlango huo mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 18. Alitoka Busia, amemaliza masomo ya kati, na hakuwa na jamaa yeyote katika reli. Nilipomhoji kwa ajili ya insha hii, alinieleza mtihani wake wa kuingia kama vile ulifanyika juzi. Alipewa hesabu za sehemu na desimali, akazifanya. Kisha akapewa kipande cha chuma, tupa na jiliwa, akaambiwa akifanye kipande kile mraba kamili.

"Sikujua kwamba chuma kinaweza kunyooka kwa mkono," aliniambia. "Nilisugua mpaka mchana. Mzee mmoja wa Kihindi akaja, akaweka kipimo, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema: bado. Nikasugua tena. Jioni akasema: wewe njoo kesho."

Nilimuuliza alilipwa nini siku zile za kujifunza.

"Kidogo, mjukuu wangu. Kidogo sana. Lakini mwisho wa mwezi nilisimama kwenye mstari wa mshahara kama wengine. Nikamtumia mama pesa ya chumvi na ada ya mdogo wangu."

Baada ya hapo alipelekwa Nairobi, kwenye shule ya mafunzo ya reli na karakana kuu, akarudi Kampala akiwa fundi wa injini. Vifaa vyote alivijua kwa Kiswahili, yaani tupa, jiliwa, tindo, koleo, kekee, fuawe, mvukuto. Aliponitajia orodha hiyo nilikuwa na kalamu mkononi, na nakiri kwamba maneno mawili sikuyajua. Mdogo wangu, mwanafunzi wa uhandisi, alikuwa ameketi nasi. Vifaa alivijua vyote kwa Kiingereza, na vingine kwa Luganda, lakini baadhi alikuwa ameviona kwenye picha tu.

Sitaki msomaji adhani nasifu zama hizo kupita kiasi. Uanagenzi wa reli ulikuwa na mipaka yake. Ulikuwa wa wavulana. Sijapata kumsikia babu akimtaja msichana hata mmoja katika karakana. Ulimfikisha mtu kwenye ufundi, si kwenye uhandisi, kwa sababu mhandisi alihitaji shahada, na shahada ilihitaji miaka bila mshahara ambayo kijana mwenye wadogo wa kusomesha hakuweza kuimudu. Babu alistaafu akiwa fundi mkuu. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo lazima tulitambue. Hakuna aliyemfundisha babu kwa hisani. Shirika lilikuwa na injini zilizoharibika kila siku, na lilimhitaji babu ajue kuzitengeneza. Gharama ya kumfundisha ilikuwa gharama ya kuendesha treni, sawa na makaa na mafuta.

Mnamo Juni 6, 1967, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa Kampala. Makao makuu ya reli yakabaki Nairobi, ya bandari yakawa Dar es Salaam, na ya posta na simu yakawa Kampala. Mwaka 1970 Makerere ikawa chuo kikuu cha taifa, na kitivo cha teknolojia kikaanzishwa. Kwa mara ya kwanza Mganda aliweza kusomea shahada ya uhandisi bila kuvuka mpaka. Kama mambo yangeendelea hivyo, huenda chuo na karakana vingekutana. Wanafunzi wa Makerere wangeteremka kilimani na kuingia katika karakana za reli, viwanda vya Jinja na mitambo ya umeme ya Mto Naili.

Haikuwa hivyo. Januari 1971 Idi Amin alichukua serikali kwa nguvu. Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia akiwapa siku 90, na pamoja nao wakaondoka wenye viwanda, mafundi na wakaguzi kama yule mzee aliyepima chuma cha babu. Viwanda vingi vilivyogawiwa watu wengine vilidorora kwa kukosa vipuri na ujuzi. Mwaka 1976 Amin alidai kwamba sehemu ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, uhusiano ukaharibika, na wafanyakazi wengi Wakenya waliokuwa Nsambya wakarudi kwao. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na kila nchi ikabaki na reli yake. Uganda iliunda shirika lake la reli, lakini karakana kuu na shule ya mafunzo vilikuwa Nairobi. Kwa maneno mengine, tulipata treni tukakosa mahali pa kuwafundishia watengenezaji wake. Karakana ya Nalukolongo, nje kidogo ya katikati ya mji, ilikuja kushika sehemu ya kazi hiyo, nako ndiko babu alikomalizia miaka yake. Alistaafu mwaka 1993. Baba yangu naye aliajiriwa reli, akiwa karani wa mizigo, ndiyo maana tuliendelea kukaa kota.

Miaka iliyofuata reli ilipungua. Mwaka 2006 uendeshaji wake ulikabidhiwa kampuni binafsi ya Rift Valley Railways kwa Kenya na Uganda pamoja, mkataba ambao ulidumu kama miaka kumi tu kabla ya kuvunjwa. Familia yetu ilihama kota nikiwa darasa la tano. Nyumba niliyozaliwa haipo tena.

Wakati karakana zinapungua, vyuo viliongezeka. Hadi mwaka 1988 Makerere ilikuwa chuo kikuu pekee nchini Uganda. Leo vipo kwa makumi, vya serikali na vya binafsi. Hilo ni jambo jema, nami ni mmoja wa walionufaika. Vyuo hivi, kwa nia njema kabisa, vinamtaka kila mwanafunzi wa uhandisi afanye mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo, ajaze kitabu cha kumbukumbu za kila siku, na msimamizi wa mahali pa kazi atie saini na muhuri. Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Wakati wa babu, aliyehitaji mafunzo yafanyike alikuwa mwajiri. Leo anayehitaji ni chuo, kwa ajili ya alama, na mwanafunzi, kwa ajili ya kuhitimu. Mwajiri anaombwa kama msamaria. Naye ana haki ya kuuliza atapata nini kwa kumpokea kijana wa majuma nane ambaye, akianza tu kuelewa kazi, muda wake umekwisha.

Mdogo wangu aliandika barua 11. Alijibiwa tatu. Ya kwanza ilisema nafasi zimejaa. Ya pili ilimtaka alipe kwanza shilingi 300,000 za vifaa na usimamizi. Ya tatu haikuwa barua. Ilikuwa simu kutoka kwa mtu aliyesema kwamba hana kazi ya kumpa, lakini kwa shilingi 150,000 anaweza kumjazia kitabu chote na kukipiga muhuri, na mdogo wangu akae zake nyumbani apumzike.

Sitataja ofisi hizo, na wala si lengo langu kulalamika juu yao. Nitasema nilichofanya mimi. Nilimwambia mdogo wangu achukue ile ya tatu. Nilipiga hesabu: ni nusu ya bei ya ile ya pili, hakuna nauli, na mwisho wa yote muhuri ni muhuri. "Mkono mtupu haulambwi," nilimwambia, kana kwamba methali ikishatajwa jambo linakuwa halali. Baba alinyamaza. Babu, aliyekuwa amekuja kwetu kutoka Busia kwa ajili ya matibabu ya macho, aliuliza swali moja tu: "Huyo mtu akishapiga muhuri, halafu mashine ikaharibika, nani ataitengeneza?"

Hakuna aliyejibu. Usiku ule mdogo wangu aliniambia hataki muhuri wa kununua.

Kesho yake alikwenda Katwe. Wasomaji wasioijua Kampala waelewe kwamba Katwe iko karibu na Nsambya, na ni maarufu kwa mafundi wa chuma wanaofanya kazi zao kandokando ya barabara. Wanatengeneza mageti, majiko, sufuria, na hata mashine za kusaga mahindi. Fundi mmoja alimsikiliza, akamuuliza kama anajua kuchora. Mteja mmoja alikuwa ametaka mashine ya kusaga, lakini alidai kuona mchoro wenye vipimo kabla ya kutoa malipo ya kwanza, na fundi huyo, aliyekuwa ametengeneza mashine nyingi kwa kukadiria kwa macho, hakuwa na mchoro hata mmoja. Wakakubaliana: mdogo wangu achore, fundi amfundishe kuchomelea na kuweka ekseli sawa. Alikaa pale majuma tisa. Hakulipwa mshahara, ila chakula cha mchana alipewa, na siku mteja alipolipa, fundi alimpa shilingi 50,000.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona historia yote niliyoieleza kwa namna moja. Uanagenzi hustawi pale ambapo anayefundisha anamhitaji anayefundishwa. Wakunga wa Nsambya walifundishwa kwa sababu wodi ziliwahitaji. Babu alifundishwa kwa sababu injini zilimhitaji. Mdogo wangu alifundishwa kwa sababu ya mchoro. Na palipokosekana haja hiyo, kilichobaki ni karatasi, na karatasi ina bei.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba hali ya leo ni ya wahandisi peke yao, mbona madaktari wanapata nafasi? Ni kweli. Mhitimu wa udaktari nchini Uganda hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu, na Hospitali ya Nsambya ni mojawapo ya mahali wanapopelekwa. Lakini mfano huo unaunga mkono hoja yangu. Madaktari hawa walipogoma mwaka 2021 kudai posho bora, nchi nzima iliwasikia, kwa sababu hospitali zilitikisika bila wao. Mwanafunzi wa uhandisi akigoma, hakuna taa itakayozimika.

Upo pia mfano wa pili, ambao unanipa moyo. Novemba 2011 Makerere ilizindua gari dogo la umeme la watu wawili, Kiira EV, lililotengenezwa na wanafunzi na walimu wao chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, linalotumia pia nishati ya jua, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya serikali ya kutengeneza magari. Wanafunzi wale hawakusubiri karakana iwahitaji. Chuo chenyewe kilianzisha kazi ambayo isingekamilika bila wao. Kasoro ni kwamba mradi mmoja hauwezi kuwapokea wanafunzi wote wa uhandisi wa nchi nzima.

Kwa hiyo kifanyike nini? Kama mwanafunzi wa Kiswahili na historia sina mamlaka ya kuwashauri wahandisi, lakini naona mambo mawili. Kwanza, gharama ya mafunzo igawanywe. Kenya kuna tozo ya mafunzo ya viwandani, ambapo mwajiri hulipa shilingi 50 za Kenya kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na Tanzania waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Fedha za namna hii zikitumika vizuri, mwajiri anayempokea mwanafunzi hana sababu ya kumdai pesa. Uganda tulitunga sheria ya mafunzo ya viwandani mwaka 1972, kwa hiyo wazo si geni kwetu. Pili, vyuo vimtambue fundi wa Katwe. Mdogo wangu alipomaliza, kitabu chake kilikuwa kimejaa michoro, alama za mafuta na saini ya fundi, lakini hakikuwa na muhuri, kwa sababu fundi yule hana kampuni iliyosajiliwa. Kwa kanuni, kitabu cha kununua kingepokelewa bila swali, na hiki cha kweli kilirudishwa. Nashukuru kwamba mhadhiri wake, aliposikia maelezo, alikubali kwenda Katwe kuiona mashine kwa macho yake. Aliiwasha, akaisikiliza, akauliza maswali mengi. Alama bado hazijatoka ninapoandika insha hii.

Kuhusu mimi, nimejifunza kwamba nilikuwa tayari kumfundisha mdogo wangu uongo kwa sababu uongo ulikuwa nusu bei. Nimeliandika hapa kwa kuwa najua si mimi peke yangu kati yetu tunaosoma pamoja, na walimu wetu pia wanajua. Tunapokutana na kitabu kilichojazwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, kwa siku moja, sote hukaa kimya.

Babu amerudi Busia, macho yake yana nafuu. Kabla hajaondoka tulikaa naye jioni tatu, mimi na mdogo wangu, tukaandika majina ya vifaa na sehemu za injini aliyoyajua kwa Kiswahili. Tulifikia maneno 94. Kwa kila neno babu alieleza, mimi niliandika, na mdogo wangu alichora. Tulipofika kwenye tupa alimwomba mdogo wangu amwonyeshe mikono yake. Akaishika, akaigeuza, akapapasa sehemu zilizokuwa zimeota sugu, kisha akasema tuendelee na neno linalofuata.